Kibao cha Marehemu Hilarión

Katika mtaa wa wadarizi, pale La Paz unapopanda mlima mpaka pumzi zikuishe, mtu haitwi fundi kwa sababu anajua kudarizi. Anaitwa fundi kwa sababu ana kibao. Kibao chenyewe ni cha bati, hakizidi sahani kwa ukubwa, kina jina la mwenyewe, nambari na nembo ya chama, na hupigiliwa misumari juu ya mlango wa karakana. Mwenye kibao hupokea oda za vikundi vya ngoma. Asiye nacho, hata akidarizi joka likatoa moto, joho lake litarudishwa na wakaguzi wa chama asubuhi ya sikukuu, bendi imeshaanza kupiga, na mchezaji abaki barabarani na fulana. Ndivyo mambo yalivyo, na walioyapanga hawakumuuliza mwanamke hata mmoja.

Doña Benita Tarqui alidarizi chini ya kibao muda wote wa ndoa yake, na kibao kilikuwa cha mumewe, Don Hilarión Chura. Hilarión alikuwa mtu mwema, mpole, mpenda bia, na mdarizi wa kawaida tu. Yale majoka yaliyompa jina, yaliyotuna juu ya kitambaa na macho yao ya vioo, yalitoka mikononi mwa mkewe. Mtaa mzima ulijua. Hilarión mwenyewe, akishapata glasi mbili, alikuwa akisema, "Mimi nachora tu, anayeyatia roho ni huyu." Watu wakicheka, wakimpiga mgongoni, na oda zikaendelea kuja kwa jina lake.

Akafa mwezi wa Agosti, ameketi juani mbele ya duka na gazeti mapajani. Desturi ya chama juu ya mjane ni fupi. Mjane hukaa na kibao mwaka mmoja, muda ule ule anaovaa nguo nyeusi. Siku ya kuvua nyeusi, misa ikishasomwa na jamaa wakishamvisha nguo za rangi, kibao humwendea mtoto wa kiume. Asipokuwepo wa kiume, mkutano mkuu hukaa ukampa fundi mwingine. Benita na Hilarión walijaliwa binti mmoja tu, Noemí, aliyefanya kazi na mama yake karakanani, mwenye mkono mwepesi na ulimi mkali kuliko sindano.

Basi Benita alikuwa na mwaka mmoja wa kuwashawishi wanaume wa chama wakiache kibao pale kilipo, ila kwa jina lake. Hakutaka kingine cha zaidi.

Njia ya mkato ilikuwepo, na Noemí ndiye aliyeitaja, matanga hayajapoa.

"Mama, muite Wilson. Kibao kiandikwe jina lake, kazi tufanye sisi, kila sikukuu tumpe chake. Nusu ya mtaa huu wanaishi hivyo."

Wilson Ticona alikuwa mtoto wa ubatizo wa Hilarión. Alifundishwa kazi humo humo karakanani, akala chakula cha mle ndani, akaoa, na sasa alikuwa kibarua wa karakana za watu, mtu wa adabu nyingi na haraka nyingi.

"Nimekaa chini ya jina la mwanamume maisha yangu yote," Benita akasema. "Baba yako nilimpenda, sikuona tabu. Wilson simpendi kiasi hicho."

"Nani kakwambia umpende? Umtumie."

"Wilson ukimpa shubiri atachukua pima. Mimi namjua, nimemlea."

"Haya, sasa wewe unangoja nini?"

"Chama kina Kitengo cha Wanawake siku hizi."

Noemí alicheka mpaka akajichoma kidole.

Kitengo hicho kilikuwa kichanga kuliko kilio chao. Chemba ya wafanyabiashara ya mjini ilikuwa imetangaza kwamba itavisaidia vyama vya mafundi kwa mafunzo, kwa vibanda kwenye maonyesho na kwa matangazo ya redio, mradi kila chama kiwe na kitengo cha wanawake kinachoongozwa na mwanamke. Mwenyekiti wa wadarizi alikuwa Don Casimiro Poma, mwenye tumbo la heshima na meno mawili ya dhahabu. Siku hizo hakushika tena sindano, alishika kipaza sauti. Aliposikia habari za vibanda na redio, akagundua siku hiyo hiyo kwamba chama chake kinawapenda sana wanawake.

Akaja kwa Benita Jumapili moja asubuhi na wazee wawili. Mmoja alibeba kreti ya bia, mwingine kitambaa cha majani ya koka. Benita alipowaona mlangoni na mizigo ile akajua wamekuja kumbebesha wadhifa, kwa maana kreti na koka havitembei pamoja kwa sababu nyingine. Na wadhifa, kwa watu wale, haukataliwi. Ukikataa hujamkataa Casimiro, umewakataa waliobeba kabla yako, wazazi wako wakiwemo, na hata muuza viazi atakupimia huku akitazama pembeni.

"Doña Benita," Casimiro akasema, amekaa kwenye kiti cha marehemu bila kuulizwa, "tumetafuta mtaa mzima. Mwanamke mwenye mkono, mwenye heshima, mwenye kauli. Tumezunguka, tumerudi hapa hapa."

"Mmezunguka sana? Mbona hamjatoka jasho?" Noemí akauliza kutoka kwenye cherehani.

"Binti huyu ana roho ya babake," Casimiro akasema, akacheka peke yake.

Kusema kweli, Benita hakutaka kukataa. Hilo ndilo linalouma hadi leo. Alijiambia kwamba mwanamke mwenye wadhifa ndani ya chama, anayekaa meza kuu, anayepigwa picha na watu wa Chemba, hawezi kunyimwa kibao mbele ya macho ya watu. Akatafuna koka, akamwagia ardhi bia kidogo, akanywa iliyobaki. Wakammwagia kichwani chengachenga za karatasi za rangi, zikanasa kwenye shali lake jeusi, na kutwa nzima zilikuwa zikidondoka kila alipoinama.

Utepe wa uenyekiti waliuleta pia. Ulikuwa wa hariri ya zambarau, mtupu, hauna hata herufi.

"Tukaona maandishi ufanye mwenyewe," Casimiro akasema. "Wewe ndiye fundi, mama. Hakuna wa kukuzidi."

Kilemba cha ukoka huyo mama alivishwa, na kukisuka akasuka mwenyewe. Alitumia uzi wa dhahabu aliokuwa amemwekea Hilarión kwa kitambaa cha jeneza, ukabaki.

Mwaka ukaenda. Benita alivaa utepe ule juu ya nguo nyeusi na akaenda kila alikoitwa. Alikata riboni kwenye maonyesho, na kwenye kibanda cha chama yakatundikwa majoho ya Casimiro, maana yeye ndiye mwenyekiti mkubwa. Alisema redioni, na mtangazaji akamuuliza anapika nini Jumapili. Alipokea bamba la kioo lenye jina lake, wakakosea jina la ukoo, akasema hapana neno. Kila mara chama kilipokutana, Kitengo cha Wanawake kilipika, na mwenyekiti wa kitengo ndiye aliyegawa nyama, kwa sababu ni lazima agawe mwenye wadhifa. Kazi ya karakana alikuwa akiikuta imemngoja pale pale. Noemí alishona mgongo ukamuuma.

Chemba ilimtuma kwao msichana mmoja, Pamela Iturri, ambaye kila mtu alimwita Lisensiada kwa sababu ya shahada yake. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri kulisema hilo mapema. Alipanda mlima ule kwa miguu akihema, akakumbuka majina ya watoto wa watu, na alipouliza swali alingoja jibu. Siku ya mafunzo ya tatu aliwakusanya wanawake kwenye ukumbi wa chama, akafunga yale makaratasi yake, akasema:

"Leo sitafundisha. Niambieni nyie. Mnahitaji nini kweli kweli ili kazi zenu zikue?"

Wanawake wakatazamana. Wote walikuwa wake wa mafundi, wote wakidarizi, na wote kwa majina ya waume zao. Mmoja akasema mkopo. Mwingine akasema taa nzuri, macho yanaisha. Benita akainua mkono.

"Kibao," akasema.

"Kibao gani, Doña Benita?"

Akaeleza. Pamela alisikiliza hadi mwisho, na uso wake ukaanza kubadilika kidogo kidogo.

"Kwa hiyo katika ukumbi huu hakuna mwanamke hata mmoja anayeruhusiwa kupokea oda kwa jina lake?"

"Hakuna."

"Lakini wadarizi ni nyinyi."

"Ndiyo sisi."

 Kisha Doña Filomena, mke wa Casimiro, akatikisa shali lake. "Mwenzetu unatuponza, Benita. Kibao kikienda kwa mwanamke, oda zake zitatoka wapi? Zitatoka kwa mume wangu, na kwa mume wa huyu, na wa yule. Sisi tunakula sahani moja na waume zetu. Wewe wa kwako amekufa, pole sana, lakini usije kutia mkono kwenye sahani yangu."

"Sijasema nichukue ya mtu. Nabaki na yangu."

"Yako lini, shoga? Ilikuwa ya Hilarión."

Waliocheka walikuwa wachache, na waliomtetea walikuwa wachache zaidi. Benita alisikia uso ukimuwaka. Pamela alimfuata nje baadaye, akamshika mkono.

"Nitalizungumza ofisini. Naahidi."

Alilizungumza kweli. Akarudi baada ya majuma akiwa na jibu lililomkalia kama kiatu cha kubana: Chemba inaheshimu mila za vyama na haiingilii nani anapewa kibao, ila itaongeza kikao kingine cha kujenga kujiamini.

"Kujiamini ninako, mwanangu," Benita akamwambia. "Kibao ndicho sina."

Juni ikafika, na sikukuu ya Gran Poder. Oda ya mwisho chini ya kibao cha marehemu ilikuwa kikundi kizima cha wacheza ngoma ya Morenada, na Benita aliapa kwamba kama mtaa utamkumbuka, utamkumbuka kwa oda hiyo. Alidarizi majoho ambayo hayajawahi kuonekana kwenye barabara ile: majoka yenye magamba ya rangi tatu, chura wa fedha mabegani, nyoka aliyezunguka pindo akajiuma mkia. Yalikuwa mazito kiasi kwamba wachezaji walisaidiwa na watu wawili kuyavaa. Asubuhi ile Benita alisimama kando ya barabara na Noemí, kwenye baridi, na nguo zake nyeusi. Kikundi kilipopinda kona na jua likayapiga majoho, umati uliguna kwanza kabla ya kupiga makofi. Benita alilia, wala hakujificha.

Mzee mmoja aliyekuwa mbele yao akavua kofia. "Unaona?" akamwambia mwenzake. "Hilarión huyo. Hata kaburini hana mpinzani."

"Babu, maiti hashoni," Noemí akamwambia.

"Michoro yake, binti. Mkono wa mtu haupotei."

Benita akamvuta binti yake mkono. "Mwache. Casimiro ameona. Wote wameona." Aliamini hivyo. Jioni Casimiro alimkumbatia mbele ya bendi, amelewa, akamwambia masikioni kwamba chama kinamwonea fahari, na yeye akalichukua neno hilo akalala nalo hadi Agosti.

Agosti ikaja. Misa ikasomwa, jamaa wakamvua shali jeusi, wakamvalisha pollera, sketi pana ya marinda, ya kijani na blauzi nyeupe, akahisi baridi mwilini kama aliyetoka kuoga. Jumapili iliyofuata ukawa mkutano mkuu.

Wanawake walikuwa uani wakimenya viazi na kuchemsha nyama kwa pilipili. Benita peke yake alikuwa ndani na wanaume, kwenye kiti cha mwisho cha meza kuu, na utepe wake, kwa sababu Pamela alikuwepo na simu ya kupigia picha. Waliongea habari za paa, za bei ya uzi, za fundi aliyemtukana mkaguzi. Kisha Casimiro akasema, "La mwisho kabla ya chakula. Kibao cha marehemu Hilarión."

Benita alisimama. Mwaka mzima aliyapanga maneno, na yalipotoka yalikuwa machache.

"Mnanijua. Majoho ya Juni mliyaona, na wengine mliyashika mkatafuta kasoro, niliwaona. Sina mtoto wa kiume. Nina mikono, na nina binti mwenye mikono. Naomba kibao kibaki pale kilipo. Jina tu ndilo libadilike."

 Don Fermín, fundi mkongwe kuliko wote, akakohoa akasema, "Kazi ile ni nzuri. Mimi sina neno." Wawili watatu wakatikisa vichwa. Na hapo, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, Benita alikiona kibao chake. Alikiona kabisa, na jina.

Katibu, Don Eloy, akainua kidole. "Samahani. Desturi ni kwamba mwenye wadhifa katika kitengo ni mtu wa kitengo hicho. Mtu hawezi kuwa wa sehemu mbili. Fundi hukaa kwa mafundi. Doña Benita ni wa Kitengo cha Wanawake."

Casimiro akajipiga paji la uso. "Ala! Kweli bwana. Tungefanya kosa kubwa." Akamgeukia Benita, na sauti yake ikawa laini. "Doña Benita, wewe umeshaingia ndani ya chama. Aliyemo ndani atabishaje hodi?"

Wakacheka, si kwa ubaya. Walicheka kama watu waliotuliwa mzigo. Kama Casimiro alilipanga jambo hili tangu siku ya kreti ya bia, au aliliokota pale pale, hakuna anayejua. Watu wa namna yake hawana haja ya kupanga, desturi huwapangia.

"Basi nauacha wadhifa," Benita akasema. "Leo. Sasa hivi." Akashika utepe begani.

Kicheko kikakatika. Wadhifa wa chama ni wa miaka mitatu, na anayeutupa njiani hutoka chamani yeye na nyumba yake, hata uzi hauziwi. Benita alijua vizuri kuliko wengi. Miaka ile Don Remigio alipotupa uweka hazina, karakana yake ilifungwa kabla mwezi haujaandama, akahamia El Alto kuuza betri, na Benita mwenyewe alikuwa miongoni mwa wanawake walioacha kumwamkia mkewe sokoni. Aliikumbuka sura ya mwanamke yule na kikapu chake. Alimfikiria pia Noemí.

"Sijasikia hilo," Casimiro akasema. "Kwa heshima ya marehemu, nafanya sikulisikia. Keti, mama."

Akaketi.

Wakapiga kura kwa mikono. Kibao alipewa Wilson Ticona, kijana wa mle mle, mtoto wa ubatizo wa marehemu, hivyo kitu hakitoki nyumbani, wakasema. Don Fermín naye aliinua mkono, akitazama sakafu. Makofi yakapigwa, na Pamela, ambaye hakuwa ameelewa vizuri, akapiga pamoja nao. Alipoelewa alimjia Benita macho yamemlowa.

"Hotuba yako ilikuwa nzuri sana. Ulionyesha uongozi."

"Nimenyimwa, mwanangu."

"Najua. Ni safari ndefu. Nitaandika kwenye ripoti yangu."

"Andika," Benita akasema. Hakuwa na hasira naye. Alikuwa amechoka tu, na alitaka kwenda nyumbani, lakini harufu ya nyama ilikuwa imeingia ukumbini, na nyama hugawa mwenye wadhifa. Akatoka uani akashika upawa. Casimiro alipofika na sahani yake akamwambia pilipili imekolea, hongera.

Wilson alikuja siku ya tatu na mapapai mawili na nyundo. Alikuwa na haya, hakuweza kumtazama usoni.

"Mama wa ubatizo, sikuwaomba mimi. Waliniita tu."

"Najua."

"Mtu hawezi kukataa."

"Najua hilo pia."

Akatazama juu mlangoni, akatazama chini. "Naomba kiti, mama. Sifiki."

Benita akaingia ndani akamletea kiti, akakishika miguu kisiyumbe kwa sababu sakafu ya pale haiko sawa. Misumari ilikuwa imeshika kutu, ikatoka kwa makelele. Ukutani pakabaki mraba mweupe. Noemí alisimama nyuma ya cherehani bila neno, na hilo la Noemí kunyamaza lilimuumiza mama yake kuliko nyundo.

"Kazi utaendelea kunifanyia, si ndiyo?" Wilson akasema akiwa bado juu. "Mkono kama wako haukai bure. Vipande nitavileta hapa hapa, usihangaike kushuka."

"Ungemuita Wilson mapema, mama," Noemí alisema usiku ule, kwa upole, na hakulirudia tena.

Sasa ni Machi. Benita hudarizi majoka ya Wilson mlangoni kwake, juani, alipokuwa akikaa Hilarión. Joho likikamilika, kwenye pindo la ndani huandika kwa uzi wa dhahabu, Fundi Wilson Ticona. Utepe wa zambarau umetundikwa msumarini pamoja na bamba la kioo, na kitengo kinaendelea vizuri. Chemba ilikitaja kwenye hotuba kwamba vyama vingine viige.

Juma lililopita alikuja Yola, mke wa fundi wa kona ya chini, amevaa nyeusi. Mumewe alikufa Januari, kwa ini. Ana watoto wa kike wawili. Alikaa kwenye ngazi, hajazidi umri wa Noemí sana, akautazama ule utepe.

"Don Casimiro alinipitia jana," akasema. "Anasema kitengo kinataka katibu. Watakuja Jumapili na koka. Nikaona nije kwako kwanza, wewe umeshapita huko."

Benita akaweka sindano chini. "Usiwe nyumbani Jumapili."

"Vipi?"

"Ugua. Safiri. Nenda kwa mama yako kijijini ukae mpaka walisahau jina lako. Wasikukute, Yola. Wakishakumwagia zile chengachenga, kibao hukipati tena."

"Lakini mwenye wadhifa ndiye anayesikilizwa. Wewe mwenyewe ulisema redioni. Nilikusikia."

"Nilisema ujinga."

"Wilson amepata kibao, wewe una kazi, una picha na wakubwa, Lisensiada anakuja kunywa chai kwako." Yola alikuwa akiongea taratibu, akifikiri njiani. "Mimi nina nini? Na wewe unaniambia nijifiche."

"Nakwambia kweli. Mtafute mwanamume mmoja mjinga, uandike jina lake, umshike wewe mwenyewe kabla hawajamshika wao. Ndiyo njia iliyobaki. Si nzuri, lakini ndiyo hiyo."

Yola akasimama, akafunga shali lake. Machozi yalikuwa karibu, na hasira ilikuwa karibu zaidi.

"Watu wanasema aliyeshiba hamjui mwenye njaa, nikawa nawakatalia. Sikujua kama unataka ubaki na wadhifa peke yako."

"Yola."

"Asante kwa ushauri, Doña Benita."

Akashuka ngazi. Benita hakumfuata. Neno alilokuwa nalo alikwisha kulisema, na alijua kwamba yeye mwenyewe, mwaka ule wa kreti, asingelisikia likitoka kwa mtu yeyote.

Jumapili aliona kutoka mlangoni wazee wakishuka mtaani na mizigo yao. Jumatatu Noemí alirudi kutoka dukani na kifurushi alichopewa na Don Casimiro. Ndani kulikuwa na hariri ya zambarau, mpya, imekunjwa vizuri, haina herufi.

"Anasema maandishi ufanye wewe," Noemí akasema. "Anasema wewe ndiye fundi. Mama, uharibu. Andika vibaya, pindisha, waone aibu."

Benita alilifikiria hilo. Alilifikiria sana, kitambaa kimelala mapajani. Kisha akavaa miwani, akachagua uzi, akaanza na herufi ya kwanza ya jina la Yola, na kila alipojaribu kuipindisha mkono ulikataa. Kufikia mchana herufi zilikuwa zimesimama zote, nzuri, zimenyooka, na Noemí akamsaidia kukata nyuzi.